Kocha, Nyamaza Kidogo

Swali la kwanza nililowahi kuulizwa na kocha wa maisha lilikuwa hili: "Naongea na mtu hapa?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ukumbi wa hoteli moja hapa Nairobi, viti vimevishwa vitambaa vyeupe kama vya harusi. Tulikuwa kama mia moja hivi, wengi wetu chini ya miaka thelathini, kila mtu na daftari lake. Kiingilio 1,500, chai na samosa moja ndani yake. Jamaa alikuwa na suti ya buluu na kimikrofoni kimemkaa shavuni, na kila baada ya dakika kumi anaturudia na lile swali. Naongea na mtu hapa? Na sisi tunaitikia kama tuko krusedi. Kwa saa tatu nzima hakuuliza swali lingine. Nilitoka na kurasa nne za maagizo: amka saa kumi alfajiri, kata marafiki wanaokurudisha nyuma, waza kama tajiri, wekeza ndani yako. Hilo la mwisho, nilikuja kuelewa, maana yake ni lipa 5,000 zaidi upate saa moja na yeye, nyinyi wawili tu.

Nikalipa. Nilikopa kwa simu, na riba yake nilikuwa naijua, lakini nikalipa. Manze, nilikuwa nimeshikika.

Hali yangu ilikuwa hivi. Miezi saba kabla ya hiyo Jumamosi nilikuwa nimeacha chuo, mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imerundikana, nikakosa mtihani mmoja, kisha mitatu, kisha siku moja nikaamka na sikwenda tena. Nikaanza kuandika kwa kulipwa: maelezo ya bidhaa, makala za tovuti za watu, chochote kile. Mama hakuwa anajua. Mama anauza viazi na vitunguu sokoni, na kila tarehe tano simu yangu inalia: 4,000, za matumizi ya shule. Na mimi najibu, "Asante Mum, nimepata, Mungu akubariki." Miezi saba. Zidisha mwenyewe.

Basi nikaenda kwa kocha na hiyo kitu imenikaa kooni. Alikubali nirekodi kikao, ati nitakirudia siku nikikosa motisha. Nilikirudia mara moja tu, miezi baadaye, nikiwa na hasira, na nikapima kwa saa. Dakika 58. Mimi nimeongea dakika tisa, na katika hizo tisa nyingi ni "ndiyo" na "sawa" na "kabisa". Zingine zote ni zake. Alinieleza alivyolala njaa, alivyonunua gari lake la kwanza, na jamaa aliyemdharau zamani ambaye siku hizi humpigia simu. Akanishauri niuze laptopu nipate mtaji wa foreksi. Laptopu! Hilo ndilo jembe langu. Akamalizia kwa kuniambia nijitenge na watu wanaonilisha mawazo ya umaskini, "hata wakiwa ni wazazi wako."

Hakuwa ameuliza chochote kuhusu wazazi wangu. Hakujua kwamba niko na mama pekee. Hakujua kwamba ule mkopo wa simu ungelipwa na pesa za viazi. Nilikuwa nimeenda na jambo moja, na nikarudi nalo nyumbani vile vile lilivyokuwa, ila sasa nina deni juu yake.

Ningeweza kumaliza hapa niseme makocha wa maisha ni matapeli, tucheke, tuendelee na siku. Huo utani uko kila mahali mtandaoni. Ugomvi wangu ni mwingine. Kazi hii ipo kweli. Ina kanuni zake, ina ustadi wake, na ikifanywa vizuri ni kazi ya heshima. Kiini chake ni kumsikiza mtu mpaka ajisikie mwenyewe. Sisi tumeuziwa mahubiri kwa jina hilo hilo, tena afadhali kanisani, maana huko sadaka ni hiari.

Anza na neno lenyewe. Kocha tulilipata kwa Waingereza, na Waingereza walilitoa mbali: kijiji cha Kocs, Hungaria, ambako karne ya 15 watu walitengeneza magari ya kuvutwa na farasi. Miaka ya 1830 hivi, wanafunzi wa Oxford wakaanza kumwita hivyo mwalimu wa pembeni anayembeba mwanafunzi hadi avuke mtihani. Makocha wa michezo walikuja baadaye. Kwa hivyo kocha, tangu asili, ni gari. Na gari la kukodi lina swali moja kabla ya safari kuanza. Hata mtu wa boda, akiwa na haraka zake zote, hukuuliza kwanza: "Wapi, boss?" Halafu ndio anapiga teke pikipiki. Kocha wangu alikuwa matatu ya saa mbili usiku: unaingia ukijua inaenda Kayole, katikati ya safari makanga anakuambia gari limebadilisha ruti, shuka hapa, na nauli hairudishwi.

Hili wazo la kumweka mteja katikati halikuanzia kwa makocha. Lilitoka kwa mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1987. Katika kitabu chake cha 1942 aliandika "mteja" mahali ambapo wenzake walizoea kuandika "mgonjwa", na mwaka 1951 akachapisha kingine, Client-Centered Therapy, ambacho kwa jina lake tu unajua anaenda wapi. Lakini kabla ya vitabu alikuwa mtu wa kazi tu, miaka kama kumi na miwili, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, akishughulika na watoto wenye shida.

Kuna kisa cha huko alichokisimulia mwenyewe, na ndicho kilichonifanya nimpende. Alikuwa anaonana na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa mtundu kupindukia. Rogers, msomi, alishajua tatizo: huyu mama alimkataa mtoto wake mapema. Akajaribu kikao baada ya kikao kumwonyesha hilo, kwa upole, kwa ushahidi. Wapi. Mwishowe akakata tamaa, akamwambia mama kwamba wote wawili wamejitahidi na imeshindikana, basi waachane kwa heri. Mama akakubali, wakapeana mikono, akaelekea mlangoni. Pale mlangoni akageuka, akamuuliza: hapa huwa mnawashauri watu wazima pia? Rogers akasema ndiyo. Mama akarudi kitini na kuanza kumwaga yake: ndoa inavyomuumiza, alivyochoka, anavyojiona ameshindwa. Ile historia ya kitaalamu aliyokuwa ameitoa vikao vyote vya nyuma haikufanana na hii hata kidogo. Kazi yenyewe ikaanza hapo, na ikamsaidia mama na mtoto wake pia.

Somo alilochukua Rogers ni kwamba anayejua panapouma ni mwenye kidonda. Mtaalamu akikimbilia kuonyesha ujuzi wake, anaziba mlango ambao mtu alikuwa karibu kuufungua. Waswahili walishalisema kwa maneno machache zaidi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1957 Rogers akaandika masharti ambayo bila hayo, kwa maoni yake, mtu habadiliki. Matatu kati yake ndiyo hunukuliwa zaidi. La kwanza, msikilizaji aione dunia jinsi yule mwingine anavyoiona, bila kuisahihisha. La pili, amheshimu mtu huyo bila masharti, iwe amefaulu au amefeli, iwe anafuata ushauri au hafuati. La tatu, msikilizaji mwenyewe asiwe na sura mbili, asivae cheo kama barakoa. Angalia hayo matatu halafu mkumbuke yule wa suti ya buluu. Heshima yake ilikuwa na masharti yote duniani: uamke saa kumi, uwaze kama tajiri, ulipe.

Rogers alikuwa anaongelea tiba. Ukocha wa leo uliokota mbegu hiyo, ukaongezea nyingine kutoka viwanjani. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, aliandika kitabu akisema kelele zilizo ndani ya kichwa cha mchezaji zinamfungisha kuliko mpinzani aliye ng'ambo ya wavu, na kwamba mwalimu akipunguza maagizo na kumwelekeza mchezaji aangalie mpira unavyodunda, mwili hujifunza wenyewe. Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, akaupeleka mtindo huo maofisini, na kitabu chake cha 1992 kikaeneza hatua nne ambazo kila kocha wa mjini anazitaja: unataka nini, hali yako ikoje sasa, una njia zipi, na utafanya nini. Mwaka 1995 Mmarekani Thomas Leonard akaanzisha shirikisho la kimataifa la makocha, lile la ICF, ambalo leo lina orodha ya stadi nane ambazo kocha anapaswa kuwa nazo.

Nimeisoma hiyo orodha. Kuna maadili ya kazi. Kuna makubaliano kati ya kocha na mteja. Kuna kujenga imani, kuwepo kwa akili na mwili, kusikiza kwa makini, kumwamsha mtu aone asichokiona, kumsaidia akue kutokana na alichokiona. Hakuna mahali pameandikwa motisha. Hakuna mahali pameandikwa simulia ulivyonunua Subaru.

Hizo stadi si maneno ya kupamba kadi. Kila moja inaonekana kwa macho, na ndiyo maana ni rahisi kumjua asiyekuwa nazo.

Chukua makubaliano. Kabla ya mazungumzo, nyinyi wawili mnaelewana: tunakutana mara ngapi, kwa bei gani, nani atasikia haya, na leo unataka kutoka hapa na nini. Ajenda ni ya mteja. Ukiingia ukakuta kocha ameshapanga slaidi, hiyo ni semina, na ulipie bei ya semina.

Chukua swali. Swali zuri la kocha ni lile asilolijua jibu lake. "Si ungeuza tu hiyo laptopu?" lina alama ya kuuliza mwishoni lakini ni amri. "Kwa nini hukuwaambia watu wako?" linakufanya ujitetee kama uko mbele ya naibu wa chifu. Ligeuze kidogo, "Ni nini kilifanya iwe ngumu kuwaambia?", na mtu anaanza kutafuta badala ya kujificha. Tofauti ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa anayeulizwa.

Chukua kurudisha. Unamrudishia mtu maneno yake, bila kuyapiga rangi, ili ayasikie kutoka nje. Mara nyingi mtu hajawahi kujisikia akisema kitu mpaka mwingine akirudie.

Na chukua kimya. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu Nairobi tunaogopa kimya kama deni. Matatu ina muziki, kinyozi ana redio, hata lifti siku hizi zina skrini ya matangazo. Kocha akiona umenyamaza sekunde tano anadhani hujapata thamani ya pesa zako, anakimbilia kujaza. Lakini sekunde ya sita ndiyo ilikuwa inakuja na kitu.

Najua mtaniambia nini. La kwanza: haya ni mambo ya Wazungu, sisi hulelewa kwa mawaidha, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Lakini mkuu anayetajwa pale ni nani? Ni mtu aliyekuona ukitambaa. Anamjua babako na deni la babako. Ukivunjika guu atakubeba yeye, kwa hivyo ushauri wake una rehani. Jamaa aliyekutana nami dakika 58 na kupokea pesa kwa till namba hana rehani yoyote. Nikiuza laptopu nikapoteza kila kitu, yeye wiki ijayo yuko Nakuru na ukumbi mwingine. Halafu tusijidanganye kuhusu wazee wetu. Mzee wa maana barazani hakuanza kwa kuhukumu, alianza kwa "hebu sema, mwanangu," na akakaa na fimbo yake hadi umalize. Na lugha yetu yenyewe inajua: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hakuna methali ya Rogers iliyoshinda hiyo.

La pili ni zito zaidi, na hapa nawageukia hata wale makocha wazuri. Kuna msemo wanaoupenda: majibu yote yako ndani yako. Msemo huu ulianza kama heshima. Ulikuwa unamwambia kocha, usimdharau mtu aliye mbele yako. Ukifika mtaani kwetu unageuka kuwa mashtaka. Kama majibu yako ndani yako na bado huna kazi, basi tatizo ni wewe. Ni maindseti yako. Pole, bana, lakini kodi ya nyumba haiko ndani yangu, nimetafuta. Karo haikuwa ndani yangu. Kiwanda kilichofungwa hakiko ndani ya mtu aliyefutwa.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na kwa miezi iliyofuata nilikuwa naona makocha wale wale mtandaoni wakituambia tuache kulalamika, tujifanyie kazi ndani. Mtu anayesikiza kweli hawezi kusema hivyo. Kumweka mteja katikati ni pamoja na kuamini anapokuambia ukuta uko wapi. Rogers mwenyewe uzeeni hakujifungia chumbani na matajiri wenye huzuni, aliupeleka usikizaji wake kwenye vikundi vya Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast, na Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Alijua kuna maumivu yenye serikali ndani yake. Kocha mwaminifu hutenganisha meza mbili: haya uko na nguvu nayo, haya huna. Kisha anakuuliza utafanya nini na ya kwanza, na anakuacha ukasirikie ya pili bila kukuita mvivu.

La tatu: ati vyeti vitatatua. Ngazi ya chini kabisa ya ICF inadai angalau saa 60 za masomo na saa 100 za kazi na wateja. Ni kitu, na ni zaidi ya wikendi moja na mavazi mazuri. Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, lakini jina "kocha wa maisha" unaweza kuliandika kwenye wasifu wako wa Instagram leo jioni kabla ugali haujaiva, na kesho ukatoza. Kwa hivyo ndiyo, uliza cheti. Ila cheti hakina masikio. Nimewaona wenye karatasi wakihubiri.

Sasa niwaambie nilivyojua tofauti, maana bila hiyo ningekuwa bado nadhani wote ni wale wale.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama wa miaka arobaini na kitu, tunamwita Anti. Mwaka huo alikuwa anasomea ukocha, na alihitaji kujaza saa za mazoezi. Akaniomba nimpe moja. Nilikubali kwa sababu siku moja alinikopesha gesi. Tukakaa kwenye veranda yake, viti vya plastiki, nguo za watoto zimeanikwa juu yetu.

"Kabla tuanze," akasema, "mimi bado ni mwanafunzi. Utakachosema kinabaki hapa. Swali usilotaka, usilijibu. Na nikiona ni kitu kinachohitaji mshauri nasaha au daktari, nitakuambia wazi, sitajifanya. Ni sawa?"

"Ni sawa, Anti."

"Hii saa ikiisha, ungetaka uwe umepata nini?"

Nikamwambia nataka mpango wa kupata wateja wakubwa. Akauliza wateja wakubwa watanisaidia na nini. Pesa. Pesa za nini? Nikaanza kueleza: kodi, ule mkopo, halafu mama, maana mama anajua mimi, yaani mama huwa ananitumia, lakini hiyo ni stori ingine, tuachane na mama, turudi kwa wateja. Anti hakurukia. Alikaa tu. Mtoto wa ghorofa ya tatu alikuwa analia, mtu akawasha bomba, likazimwa.

"Wateja umewataja mara mbili," akasema. "Mama umemtaja mara nne."

Basi. Hakuongeza kitu. Na akanyamaza kimya kirefu kuliko chote nilichowahi kukaa nacho na mtu katika huu mji. Nilitaka aseme chochote. Hakusema. Nikaishia kusema mimi: nimeacha shule, ni karibu mwaka sasa, mama hajui, na nakula pesa zake.

Hakusema pole sana, hakusema watoto wa siku hizi. Aliniuliza nataka kufanya nini na hilo. Nikasema sijui. Akasema "sawa", na akangoja tena kana kwamba "sijui" ni jibu halali, na nadhani lilikuwa. Baada ya muda nikasema nataka kumwambia. Lini? Jumapili. Ni nini kinaweza kukuzuia? Nauli, nikasema, tukacheka wote wawili. Hakutoa pochi. Akauliza, "Utaipata wapi?" Nikafikiria, nikakumbuka jamaa aliyekuwa na deni langu la makala mbili.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa tamu. Nilienda nyumbani, nikamwambia mama jikoni, akiwa anachambua maharagwe. Hakulia wala hakunikumbatia. Aliuliza kitu kimoja: "Na hizo pesa nilikuwa natuma?" Kisha hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nipeleke magunia sokoni, nikapeleka. Siku hizi namtumia 1,000 kila tarehe tano, namrudishia polepole, na bado sijamaliza. Bado sina digrii. Bado kuna miezi nakwepa landilodi ngazini. Anti hakunitajirisha, na hakuwahi kusema atanitajirisha. Alinifanya nisikie nilichokuwa nasema, na kilichobaki kilikuwa changu.

Wale wa semina wana swali lao wanalopenda kwenye matangazo: unajithamini kiasi gani? Wakimaanisha utalipa ngapi. Mimi nina swali langu kwao. Ukitoka kwenye kikao na mtu, unajua nini juu yake ambacho hukujua alipoingia? Kama jibu ni jina lake na namba yake ya M-Pesa, hukufanya kazi. Ulijisikiza wewe, na ukamtoza mtu mwingine kwa hiyo raha.

Na wewe msomaji, uliye na jambo kooni na 5,000 ya kukopa, sikukatazi kwenda. Kuna siku mtu anahitaji sikio ambalo si la rafiki wala la ndugu. Lakini kabla ya kulipa, omba dakika kumi na tano za kujuana bure, wanaoijua kazi hawakatai. Msikie anaanzaje: kwa habari zako au kwa zake. Muulize yapi hawezi kukusaidia, na akikosa hata moja, ondoka. Muulize nani mwingine atasikia utakayosema, maana kuna wanaogeuza machozi ya wateja kuwa kontenti ya TikTok. Akikuahidi mapato, ondoka haraka.

Na ukishalipa, fungua simu yako, weka saa mezani mahali nyote mnaiona, na upime. Dakika zako huku, zake kule. Saa ikiisha na zake ziko juu, mwambie kwa heshima kwamba leo wewe ndiye uliyekuwa unasikiza, na saa yako nayo ni 5,000.